Mkono wa Kulia Kwenye Karatasi

Kwa miaka mitatu nililinda mlango ambao haukuhitaji kulindwa. Ulikuwa mlango wa vioo wa jengo la ofisi huko West Bay, orofa thelathini na kitu, na kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya ile fremu inayolia mtu akipita na chuma, nikitabasamu na kusalimia kila tai iliyopita mbele yangu. Silaha zangu zilikuwa redio ya mkononi na viatu vilivyong'arishwa. Jengo lile halikuwahi kuibiwa hata kalamu. Ila duka la mke wangu, kibanda cha mbao kwenye soko dogo nje ya Kitale, hilo halikuwa na mlinzi, na ndilo lililovamiwa.

Nalisema kwa hasira na sitaki mtu aniambie nipoe. Wapo wanaoikumbuka Doha kwa majengo marefu na barabara safi. Mimi nakumbuka nilivyosimama nikilinda viti vya ngozi vya watu nisiowajua, huku mke wangu akitolewa panga.

Ilikuwa mwaka wa 2013, nikiwa nimemaliza mwaka mmoja na miezi mitatu. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yangu ya kupumzika, na kila Ijumaa mchana nilimpigia simu. Simu yake ilikuwa ile ndogo yenye tochi, tunayoiita mulika mwizi, isiyojua picha wala video. Ijumaa mbili mfululizo hakupatikana. Ya tatu akapokea, akanieleza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kanisani. Vijana watatu walikuja saa ya kufunga duka, wana panga, wakachukua pesa za mauzo na simu zote mbili, wakaenda zao. Nikamuuliza kama walimuumiza. Akasema hawakumgusa hata ukucha. Nikamuuliza mbona wiki mbili kimya. Akasema alikuwa anatafuta simu nyingine ya bei ya chini. Nikaridhika, nikamwambia afunge mapema siku hizo.

Kesho yake nilikwenda kwa mandubu. Huyo ndiye mtu wa kampuni aliyeshughulikia makaratasi yetu, na pasipoti zetu zote zilikaa kwenye kabati la chuma nyuma ya kiti chake. Miaka hiyo hukutoka Qatar bila kibali cha kutoka kilichotiwa sahihi na kafili, yaani mwajiri wako. Hata ungekuwa na tiketi mkononi, uwanja wa ndege wangekurudisha. Likizo yangu ilikuwa bado miezi tisa. Mandubu alikuwa mzee mpole mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri, hakuwahi kunipandishia sauti hata siku moja, na nadhani hiyo ndiyo sababu nilimchukia. Aliniuliza maswali mawili tu.

"Mkeo amekufa?"

"La."

"Yuko hospitalini?"

"La."

Akasema alhamdulillahi, akafunga faili. Kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba kwa likizo ya dharura anataka karatasi ya msiba au barua ya hospitali. Mke mzima aliye nyumbani kwake si dharura. Nilitoka nikitamani kulipiga teke lile kabati. Badala yake nikapanda basi la kampuni nikarudi kambini.

Chumba chetu kule Industrial Area kilikuwa na watu sita, vitanda vya ghorofa, na kiyoyozi kimoja kilichovuja kwenye mto wangu. Kitanda cha chini yangu kilikuwa cha Mganda mmoja, rika la kaka yangu mkubwa, aliyewahi kulinda kambi za kijeshi Iraq kabla ya kuja Doha. Kule alibeba bunduki. Hapa alibeba tochi, akilinda jengo ambalo halijaisha huko Lusail, na kama kuna aliyetaka kuiba zege mimi sijui. Kiswahili chake alikitoa jeshini, kila sentensi amri. Tulimwita Afande, na yeye aliniita Mkenya, utadhani Kenya nzima ni mimi.

Nilipomsimulia habari ya duka hakunipa pole. Alikaa kitandani akikuna ndevu, akasema kuku wako mkononi mwa mwewe na wewe unalia. Kisha akasema ninunue mguu wa kuku. Ndivyo watu wa kwetu wanavyoiita bastola, na tulicheka kidogo, maana yeyote aliyesikia angedhani tunaagiza chakula.

Basi nikaanza kulifikiria jambo hilo, na nikiisha kushika kitu sikiachi. Nairobi yalikuwako maduka yanayouza bastola kihalali kwa mwenye kibali. Kibali angekiomba mke wangu mwenyewe, apigwe alama za vidole, ahojiwe, aseme kwa nini anaitaka. Likizo yangu ilikuwa ya mwezi mmoja tu. Nikaona mwezi utaisha tukizungushwa maofisini, na kama tukianza tena kuzubaa mbele ya kabati la duka tukiuliza hii vipi na ile vipi, nitapanda ndege nimuache vile vile. Kwa hiyo uchaguzi ufanyike Doha. Nikishuka Nairobi niwe najua, nisonte kidole niseme ile pale.

Mke wangu sikumwambia. Kwenye simu niliogopa. Kambini zilizagaa hadithi za watu waliorudishwa kwao kwa neno moja, na hata kama nusu yake ilikuwa uzushi, nani alitaka kujaribu? Lakini nikisema kweli, nilijua pia angekataa. Nilijiambia nitamshawishi uso kwa uso.

Kila Ijumaa baada ya kufua, Afande alinifundisha. Hakutaka kusikia habari ya bastola ya magazini. Alisema inataka mazoezi kila mwezi, na mtu aliyeshikwa na hofu husahau kuondoa kizuizi, akabaki anavuta hewa. Mama wa duka anataka rivolva. Risasi tano zimekaa kwenye silinda, hakuna cha kukumbuka. Unavuta, inalia. Isipolia, unavuta tena.

Mengine sikuyajua kabisa. Mtutu uwe mfupi, inchi mbili, usimchome mbavu akiinama kupima sukari. Nyundo iwe imefichwa ndani, kwa sababu ile inayochomoza hunasa kwenye nguo saa mbaya. Mpini wa raba, si wa mbao unaoteleza jasho. Isiwekwe mkobani, kwa kuwa mkoba ndio kitu cha kwanza mwizi anachonyakua. Ikae kiunoni, chini ya aproni, upande wa mkono anaotumia. Bei ndiyo ilikuwa shida. Zile nyepesi zilikuwa ghali kuliko uwezo wangu, na Afande alisema pia zinarusha mkono. Za bei ya chini zilikuwa za chuma kizito, zile za Brazili, hasa zilizokwisha kutumika. Mzito si mbaya, alisema, mradi silinda isitikisike ukiishika kwa vidole viwili, na mradi mshipi uwe mpana. Nikabaki na mbili akilini: moja ndogo ya mpini mfupi, nyingine ya mpini mrefu kidogo na bei nafuu zaidi.

"Mkono wake ukoje?" akaniuliza.

Nikasema ni mkono wa kawaida. Akasema hakuna mkono wa kawaida. Kidole cha shahada kifike kwenye kifyatulio mpaka kiungo cha kwanza, kisipungue, kisizidi. Mpini ukiwa mkubwa kwa mkono, mtu anapiga ukuta. Je, vidole vyake ni virefu? Kiganja ni kipana? Mwanamke niliyelala naye miaka kumi na moja, aliyenipa chai kwa mkono huo kila asubuhi, sikuweza kusema kama mkono wake ni mdogo kuliko wangu kwa ukucha au kwa kidole kizima. Niliona aibu mpaka nikashuka nje kuvuta hewa, na nje hakukuwa na hewa yoyote ya kuvuta, joto tupu na harufu ya dizeli ya mabasi.

Dawa nilikuwa naijua, ni ya kwetu sote. Mtu akiwa mbali na anataka kukununulia viatu, unakanyaga karatasi, unachora unyayo kwa kalamu, unampa anayesafiri. Nusu ya watoto wa wanaume wa Industrial Area wamevaa viatu kwa njia hiyo. Ijumaa iliyofuata nikamwambia mke wangu achore mkono wake, ampe jirani yetu mmoja wa Kitale aliyekuwa likizo na anarudi Doha. Akacheka, kile kicheko chake cha puani nilichokuwa nimekikosa. Akaniuliza kwani sina haya, mzee mzima nataka kununua pete. Kwa sababu gani nyingine mwanamume aliye Doha, mji wa dhahabu, angetaka kupima mkono wa mkewe? Nilipaswa kumwambia. Nikasema ni siri, aubane mdomo wake.

Jirani alirudi na unga wa wimbi, majani chai na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Nikaifungua kitandani. Mkono ulikuwa pale, umechorwa kwa kalamu ya bluu, na mistari imetetemeka kama ya mtoto wa chekechea. Kwenye kidole cha pete palikuwa na uvimbe kidogo pande mbili, pale kalamu ilipoizunguka pete yetu ya ndoa. Chini, kwa mwandiko wa binti yetu, paliandikwa "Mama, kushoto". Niliweka kiganja changu juu yake. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na nikakaa hivyo mpaka Afande akakohoa.

Yeye alikuwa amekata maumbo ya rivolva mbili kwenye katoni ya maji ya chupa, kwa vipimo alivyovijua kichwani. Akaziweka juu ya mchoro, akazigeuza, akaniangalia. Je, mkeo ni wa kushoto? Nikasema hapana. Basi huu mkono ni wa kazi gani, Mkenya? Lete wa kulia. Akazichana zile katoni vipande vipande, akavimwaga choo cha mwisho cha kambi, kwa maana kukutwa na hata picha ya kitu kile hatukutaka.

Hapo ndipo visa vikaanza. Nilipomwomba mkono wa kulia, mke wangu alisema pete haivaliwi kulia. Nikasema nautaka hata hivyo. Akasema karatasi zimeisha. Ijumaa nyingine akasema hakuna anayesafiri. Nyingine akasema mikono yote ya mtu ni sawa, nigeuze tu ule wa kwanza. Nikachemka. Nilimfokea kwenye simu, mimi niliyekuwa siwezi kumfokea hata mtu anayenitupia funguo za gari nikamwegeshee. Nilimwambia nimemwomba kitu kimoja tu, mchoro wa dakika mbili, na hata hicho ananinyima. Akasema sawa, baba watoto, usiniletee makelele. Utaletewa.

Ulikuja baada ya wiki sita. Karatasi ile ile ya daftari, kalamu ile ile, mwandiko wa binti yetu: "Mama, kulia". Vidole vitano. Nilifurahi, nikamwita Afande, naye akakata katoni zake upya. Akapima ile ya mpini mfupi, akatikisa kichwa kukubali. Hii, akasema. Ya bei nafuu itamzidi. Ndipo nikaiona ile nundu. Kwenye kidole cha pete, pande mbili, uvimbe kidogo.

Nilichomoa karatasi ya kwanza chini ya godoro nikaiweka kando. Mke wangu alikuwa amelaza mkono wa kushoto chali, kiganja juu, akauchora. Ukifanya hivyo mchoro unatoka kama wa kulia. Alisahau kuvua pete tu. Afande alitazama karatasi zote mbili, akatazama mistari iliyotetemeka. Alikusanya katoni zake, akavaa kandambili, akatoka.

Nilipiga simu hapo hapo. Nilimwambia nimeiona pete. Nikasikia kuku wakilia nyuma yake na mtu akiita mteja.

"Mkono wa kulia, kidole kimoja hakipo," akasema.

Akanieleza yote, sasa kwa sauti yake halisi. Walipofika alijaribu kuvuta dirisha la duka alifunge. Panga likashuka. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikatika kwenye kiungo cha kati, na kilichofuata kikabaki hakikunjiki. Ndiyo maana binti alimwandikia, ndiyo maana mistari ilitetemeka, alikuwa akishika kalamu kwa vidole visivyojua kazi hiyo. Zile Ijumaa mbili za kimya alikuwa amelazwa hospitali ya wilaya. Siku tisa.

Nilimuuliza kwa nini alinificha. Sikufoka.

"Ningekuambia ungefanya nini?" akasema. "Ungeruka ukuta? Wewe mwenyewe umefungwa huko. Nikaona angalau mmoja wetu alale."

Kisha akaniuliza swali ambalo nilijua linakuja. Mkono wa kulia nilikuwa nautakia nini, kama si pete? Nikasahau simu, nikasahau kambi na hadithi zake zote, nikamwambia. Nikamwambia habari ya rivolva, mpini mfupi, mshipi wa chini ya aproni, na kwamba tayari nimeichagua. Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona. Hakunikasirikia. Alisubiri nimalize.

"Na mimi nilidhani unanipima pete," akasema. "Hiyo rivolva ningeivuta na nini?"

Kesho yake nilirudi kwa mandubu. Nilimwambia mke wangu alikatwa kidole, alilazwa. Akaniuliza lini. Nikamtajia mwezi. Akaniuliza kama bado yuko hospitalini, nikasema la, ametoka, amepona. Akasema alhamdulillahi. Kisha, kwa ule upole wake, akasema laiti ningemletea barua siku ile ya kwanza, ningeondoka wiki ile ile. Amewahi kuwatolea wengine. Alilisema kama mtu anayekuonyesha duka la karibu. Nyuma yake kabati lilikuwa wazi kidogo na niliziona pasipoti zimepangwa kwa rangi.

Miezi minne iliyobaki nilizikunja karatasi zile mbili nikazitia ndani ya soksi, kwenye kifundo cha mguu, chini ya suruali ya sare. Kila asubuhi tulipekuliwa tukiingia zamu, na mimi mwenyewe nilipita kwenye ile fremu kabla ya kuanza kuwapitisha wengine. Haikulia hata mara moja. Nilisimama, nikatabasamu, nikalinda viti. Afande hakuniletea tena habari ya mguu wa kuku. Alihamishwa kambi kabla ya likizo yangu, na kwaheri yake ilikuwa kunibana bega mpaka likauma.

Nilipofika Kitale alikuwa ananisubiri stendi na watoto, amejifunga leso, mkono wa kulia ndani ya leso. Nikasimama mbele yake na mabegi yangu kama mgeni. Akatoa wa kushoto kwanza, akaona haya, kwa maana kwetu humsalimii mtu kwa kushoto. Akautoa wa kulia. Niliushika. Ulikuwa mdogo kuliko wangu kwa kidole kizima, na ulikuwa na joto.

Mwezi ulikwisha, nikarudi kulinda viti vyangu mwaka mzima mwingine, kwa kuwa mkataba ulitaka hivyo. Duka tulilihamishia sebuleni kwetu, dirisha likatiwa nondo. Rivolva hatukununua. Pete nilimletea mwaka ule wa mwisho, ya mkono wa kulia, na duka la dhahabu walishangaa kuona mtu anapimisha kwa mchoro wa daftari, safari hii wa kulia kweli.

Lile neno la mandubu kuhusu barua sijamwambia. Hata leo, akikaa karibu nami akipeta mchele kwa vidole vyake vinne, anaweza kusema kwa kujivunia kwamba mwaka ule aliniokoa nisipate wazimu ugenini, aliniacha nilale. Mimi hujibu ndiyo, mama watoto, uliniacha nilale.